Je, Wajua? Kikohozi Kikipita Wiki 2, Kapimwe

Je, wajua kwamba mafua ya kawaida huisha ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi chake huweza kuchelewa kidogo? Kikipita wiki 2, usijinunulie antibiotiki dukani: haziui virusi vya mafua. Nenda kituo cha afya upimwe makohozi, maana huenda ni kifua kikuu. Huko Bunia, mashariki mwa Kongo (DRC), familia zilizokimbia vita vya Ituri hubanana katika kambi kama Kigonze, na kifua kikuu huenea kwa hewa, hasa penye msongamano. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi 6 au zaidi, na dawa hutolewa bure nchini Kongo. Usizikatize hata ukipata nafuu, na wapeleke wa nyumbani wapimwe pia.