Usipoziba Ufa: Kumkinga Mhusika katika Mchezo wa Diablo II



Jioni moja mjukuu wetu, kijana wa miaka 17, alikaa mezani bila kugusa chakula. Tulipomwuliza yaliyomsibu, alijibu kwa sauti ya chini, “Babu, Paladin wangu amekufa.” Baba yake alicheka, akasema huo ni mchezo tu. Sisi hatukucheka. Miaka yetu ya ualimu ilitufunza kwamba mtoto aliyepoteza kazi ya miezi mitano hapoi kwa kuambiwa kuwa kazi ile haikuwa kitu. Tulimwomba alete kalamu na daftari, tukaketi naye kutafuta palipovuja.

Kwa wasioujua, Diablo II ni mchezo wa kompyuta uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2000. Mwaka 2001 uliongezewa sehemu iitwayo Lord of Destruction, na mwaka 2021 ukatengenezwa upya. Mchezaji huchagua mhusika, kama vile Paladin mwenye ngao, Barbarian mwenye mabavu, au Sorceress mwenye uchawi, kisha hupambana na mashetani katika daraja tatu: ya kawaida, ya Jinamizi na ya Jahanamu. Ipo pia namna ya kucheza iitwayo Hardcore, ambayo mhusika akifa mara moja hafufuki tena. Hiyo ndiyo aliyoichagua kijana wetu.

Kila mhusika apandapo ngazi moja hupewa alama 5 za kugawa katika sifa nne: nguvu, wepesi, uzima na nishati. Kijana alikuwa amezielekeza nyingi katika nguvu, ili upanga wake ukate zaidi. Dhana yake ya kwanza baada ya msiba ilikuwa kwamba alikosea kwa kutotia alama za kutosha katika uzima. Hakukosea kabisa, maana kila alama ya uzima humpa Paladin uhai 3, Barbarian 4 na Sorceress 2. Lakini tulipoiweka dhana hiyo katika hesabu, tuliona kwamba isingemwokoa.

Aliuawa na zile roho ziwakazo ambazo hurusha umeme kutoka mbali. Katika mchezo huu ziko kinga nne zinazohesabiwa kwa asilimia: ya moto, ya baridi, ya umeme na ya sumu. Kwa kawaida hakuna inayoweza kupita 75, isipokuwa mtu awe na kifaa cha kuinua kikomo hicho. Sasa lipo jambo ambalo wageni wengi hulisahau: mtu aingiapo Jinamizi hupunguziwa kinga 40 katika kila aina, na aingiapo Jahanamu hupunguziwa 100. Mavazi ya kijana wetu yalimpa kinga ya umeme 30. Kazi ya kumwokoa Anya, ambayo kila daraja huizawadia kinga 10, ilimpa 30 nyingine kwa daraja zote tatu. Jumla ni 60. Ondoa 100, hubaki 40 chini ya sifuri. Mavazi yaleyale yaliyomtosha katika daraja ya kawaida yalikuwa yamegeuka shimo, naye hakuangalia tena.

Tuchukue mfano wa pigo la umeme la 300, na mhusika mwenye uhai 600. Mwenye kinga ya 40 chini ya sifuri hupokea 420. Pigo la pili humwua. Tumwongezee alama 50 za uzima, yaani mapato ya ngazi 10 nzima. Uhai wake unakuwa 750, nayo mapigo mawili ni 840. Bado anakufa kwa pigo la pili! Sasa tumrudishie uhai wake wa 600, lakini tumpe kinga ya 75. Kila pigo linakuwa 75, na itahitajika mapigo manane kumwangusha. Kijana aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe nilikuwa nikijenga ukuta juu ya ufa.”

Tulimwonyesha na jambo jingine. Kinga ikipanda kutoka 0 hadi 5, pigo la 100 linakuwa 95. Umepunguza sehemu moja katika ishirini. Ikipanda kutoka 70 hadi 75, lililokuwa 30 linakuwa 25. Umepunguza sehemu moja katika sita. Alama zilezile tano huwa na thamani kubwa zaidi karibu na kilele. Kwa hiyo asiishie njiani yule aliyefika 60 akajiona ametosheka.

Je, ufa huzibwaje? Katika sehemu ya tano ya mchezo, anayewaokoa askari mlimani Arreat hupewa vijiwe vitatu vya Ral, Ort na Tal. Vikitiwa kwa mpangilio huo katika ngao ya kawaida yenye matundu matatu, hupatikana ngao iitwayo Ancient's Pledge, yenye kinga 48 za moto, umeme na sumu, na 43 za baridi. Almasi kamilifu katika tundu la ngao huongeza 19 kwa kila kinga. Pete, mkufu, viatu na hirizi ndogo za mkobani hujaza palipobaki.

Kinga zikishakamilika, ndipo alama zigawanywe. Nguvu iwe ile tu inayotosha kuvaa deraya na kushika silaha. Wepesi uwe wa kuiwezesha ngao kuzuia mapigo, ambayo mwisho wake ni asilimia 75. Na kwa kuwa uwezo huo hupungua kadiri ngazi zinavyopanda, hauna budi kuongezwa. Nishati kwa Paladin wa upanga iachwe ilivyo. Zote zilizobaki ziende katika uzima.

Mgeni asidanganywe na namba kubwa ya ulinzi iliyoandikwa juu ya deraya. Namba hiyo hupunguza nafasi ya upanga au mshale kukupata, lakini haizuii moto wala umeme wa kichawi. Tena mhusika anapokimbia, ulinzi wake huhesabiwa kuwa si kitu, na uwezo wa ngao yake hushuka hadi theluthi.

Paladin yule hakurudi, wala hatukumdanganya kijana kwamba angerudi. Alianza mwingine. Safari hii kabla ya kuingia Jinamizi, na tena kabla ya kuingia Jahanamu, alifungua daftari na kuandika kinga nne, akatoa kinachotolewa, akaona kinachobaki. Usiku alipozikuta tena zile roho, alituita tuje kutazama. Tulimkuta baba yake amekwisha vuta kiti, akiuliza kwa nini umeme ule haumuui mtoto. Mjukuu wetu alimpa daftari, akaanza kumweleza tangu ukurasa wa kwanza.