Mama, kwa nini Ulaya wanapandisha watoto juu ya farasi?

Mama, pengine ulisikia ya kama kule Ulaya mutoto asiyeweza kutembea anapandishwa juu ya farasi ili apone. Ni kweli, wanamupandisha. Lakini farasi si dawa ya kuponyesha, na usiuzishe shamba juu ya safari ile. Soma kwanza.

Tunasema hapa juu ya mutoto ambaye ubongo wake uliumia. Pengine alikawia kulia wakati wa kuzaliwa, pengine alizaliwa mbele ya miezi kutimia, ao alipata manjano kali, ao malaria ilipanda kichwani. Si ulozi, mama, wala si kosa lako. Ubongo unatuma amri mbaya kwa viungo: miguu inakazana, mapaja yanabanana sawa makasi, mugongo haukai sawa. Kidonda kile cha ubongo hakiongezeki, lakini hakuna dawa ya kukiondoa. Kinachoongezeka ni ugumu wa viungo, kama mutoto analala tu siku nzima.

Sasa farasi. Kwetu wengi hawajamwona isipokuwa katika picha. Akitembea polepole, mugongo wake unasukuma kiuno cha mutu aliyempanda mbele na nyuma, kushoto na kuume, karibu sawa kiuno chako mwenyewe ukienda sokoni. Kwa dakika moja anapiga hatua karibu 100. Basi mutoto ambaye hajatembea hata siku moja anasikia mwendo wa kutembea katika mwili wake, na kila hatua inamulazimisha kujishika asianguke. Tena mapaja yamefunguka, na joto ya mnyama, karibu digri 38, inasaidia kulegeza nyama zilizokazana.

Mutu aliyefanya wengi wafikiri jambo hili ni mama mumoja wa Denmark, Lis Hartel. Polio ilimushika katika mwaka 1944, akiwa na mimba. Chini ya magoti miguu yake haikupata nguvu tena, hata ikapashwa asaidiwe kupanda farasi na kushuka. Lakini katika mwaka 1952, kwa michezo ya Olimpiki kule Helsinki, alipata medali ya feza. Polio si ugonjwa ule tunaosema hapa, na yeye alijua farasi mbele ya kuugua. Hata hivyo, nyuma yake waganga wa mazoezi ya viungo, zaidi wale wa Ujerumani na Uswisi, walianza kutumia mwendo wa farasi katika kazi yao.

Waliofuata kazi hii wameona ya kama watoto wengine wanakaa vizuri zaidi, na mapaja yanalegea kisha zoezi. Kutembea ni neno lingine. Hapo faida haijaonekana wazi. Na si kumutupa mutoto juu ya mnyama! Mumoja anashika kamba, wengine wanaenda pembeni, kofia ngumu iko kichwani, dakika 20 ao 30 tu. Usijaribu na ng'ombe ya jirani.

Lakini wewe una kiuno na mapaja. Usimubebe mutoto miguu ikiwa pamoja sawa muzigo wa kuni. Mubebe ubavuni ao mugongoni, miguu imefunguka, kikwembe kishike vizuri matako na mugongo. Ukikaa, muweke juu ya paja lako, mguu mumoja huku, mwingine kule. Mushike kwa kiuno, umutikise kushoto na kuume, mukiimba. Polepole, mama: ukimutikisa haraka, miguu itakazana zaidi. Mukubwa kidogo anaweza kukaa namna ile juu ya shina la mugomba, wewe nyuma yake. Shina halitembei, ni wewe utakayelitikisa. Fanya kila siku, mara mbili ao tatu, akichoka, acha. Baba na dada wakubwa wajifunze pia, mugongo wako si wa chuma.

Mapaja yakikataa kufunguka, usiyafungue kwa nguvu. Kama analia kila mara ukigusa nyonga moja, ao mguu mumoja unaonekana mufupi kuliko mwenzake, acha zoezi hili na umulete hapa, pengine mufupa umetoka fasi yake. Kama ana kifafa, aendelee na dawa bila kuruka siku, na siku ya kuja ulete kartasi zake zote.