HADITHI YENYE WAHUSIKA WAKUU WAWILI

Tayarisha daftari na kalamu, maana mwisho wa somo kuna zoezi.

Watu husema, "Mafahali wawili hawakai zizi moja." Katika hadithi waweza kukaa, lakini kwa sharti hili: wanywe maji ya lambo moja. Yaani, kila mmoja awe na haja yake mwenyewe, na haja hizo mbili zikutane mahali pamoja.

Tuchukue mfano wa Misima, wilayani Handeni. Wenyeji wa Handeni waijua shida ya maji wakati wa kiangazi. Tuseme limebaki lambo moja tu lenye maji. Mama mkulima afika alfajiri na ndoo yake. Nyumbani watoto wangoja uji. Mfugaji naye afika na ng'ombe waliotembea usiku kucha. Je, nani anywe kwanza?

Ukimfuata mama peke yake, mfugaji ataonekana mharibifu. Ukimfuata mfugaji peke yake, mama ataonekana mchoyo. Wafuate wote wawili, msomaji ataona jambo gumu zaidi: wote wana haki, na maji hayatoshi. Mzee wa baraza hakati shauri kwa kusikia upande mmoja. Mwandishi naye asikate.

Mfano mzuri ni kitabu cha Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kilichotolewa mwaka 1999. Hadithi yake ni ya Unguja wakati wa ukoloni. Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi, ameozwa kwa mzee asiyempenda. Atafuta uhuru wa nafsi yake. Denge apigania uhuru wa nchi, na polisi wamwinda. Kila mmoja ana vita vyake, lakini maisha yao yaingiliana hata huwezi kueleza ya mmoja bila kumtaja mwenzake.

Basi, ukiandika, shika mambo matatu.

Kwanza, mpe kila mmoja jambo analoogopa kulipoteza. Asiye na la kupoteza ni msindikizaji tu.

Pili, usiruke kutoka kwa huyu kwenda kwa yule katikati ya tukio. Maliza sura ya mama, kisha anza ya mfugaji, na jina lake litajwe mapema ili msomaji asipotee.

Tatu, pima kazi yako. Mwondoe mmoja. Hadithi ikiendelea kama kawaida, huyo hakuwa mhusika mkuu.

Zoezi: Andika kurasa mbili juu ya ugomvi mmoja wa kijijini kwako. Ukurasa wa kwanza umfuate mtu unayemwonea huruma. Wa pili umfuate yule unayemlaumu. Kisha msomee jirani yako, umwulize nani mwenye haki. Akisita kujibu, umefanya vizuri.