Marumaru ya Carrara Yawazuia Wavuvi Haramu Talamone

Talamone ni kijiji cha wavuvi kilichosimama juu ya rasi ya mawe katika pwani ya magharibi ya Italia, mkoani Toscana. Karibu na hapo, kwenye sakafu ya Bahari ya Tirreno, kuna sanamu za marumaru zilizochongwa na wasanii mbalimbali, kisha zikashushwa majini kwa makusudi. Kazi yake ya kwanza si kutazamwa. Ziliwekwa ili wavu wa meli inayovua pasipo ruhusa ukwame na kupasuka.

Wavu huo ni ule wa kukokota. Meli yenye injini kubwa hushusha wavu wenye umbo la mfuko, uliofungwa mbao nzito za kuutanua mdomo na minyororo upande wa chini, halafu huuburuta sakafuni kwa muda mrefu. Haubagui. Huzoa samaki wakubwa na wachanga, huponda viumbe wasio na soko, na hung'oa majani yaliyo njiani. Kwa kawaida sheria ya Italia na ya Umoja wa Ulaya inakataza uvuvi wa aina hii ndani ya maili 3 za baharini kutoka ufukweni, yaani kilomita 5.5 hivi. Lakini usiku ni mrefu, pwani ni ndefu zaidi, na samaki wengi wako karibu na nchi kavu. Ndiyo maana meli huiba.

Kinachoharibiwa zaidi ni nyasi bahari ziitwazo Posidonia oceanica, ambazo hazipatikani penginepo ila katika Bahari ya Kati. Posidonia si mwani. Ni mmea kamili wenye mizizi, maua na matunda, na mashamba yake hushuka hadi kina cha mita 40 hivi. Samaki hutaga na kukulia humo, na majani hupunguza nguvu ya mawimbi yasiule ufuo. Mashina yake hutambaa sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo eneo lililokwanguliwa kwa usiku mmoja laweza kuchukua miongo mingi kupona. Mvuvi wa Kipini au wa Kilwa hahitaji kuelezwa sana hasara hiyo, kwani tafi na kasa hulisha katika nyasi za aina hiyo huku kwetu, na ugomvi kati ya wavuvi wadogo na meli za kukokota kamba katika Ghuba ya Ungwana, Kenya, ulifikia hadi meli hizo kusimamishwa mwaka 2006.

Aliyeanzisha mpango wa Talamone ni Paolo Fanciulli, mvuvi aliyeingia baharini akiwa kijana mdogo na ambaye tangu miaka ya 1980 aliona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka. Alitoa taarifa kwa wakuu, akaandamana, akapiga kelele. Vilevile alianza kuwachukua wageni katika chombo chake, wakivua naye kwa nyavu za kutega na kula walichopata, na safari hizo zikawa mahali pa kuwaeleza watu hali ya bahari. Mwaka 2006 vilishushwa vizuizi vya zege ili kukwamisha nyavu. Vilisaidia, ila havikutosha kufunga njia zote.

Hapo ndipo likaja wazo la sanaa. Fanciulli alikwenda Carrara, kwenye milima ambayo Michelangelo alichukua marumaru yake, akamwomba Franco Barattini, mkuu wa machimbo ya Cave Michelangelo, mawe 2. Akapewa 100. Chama cha Casa dei Pesci, maana yake Nyumba ya Samaki, kikakusanya michango ya watu wa kawaida, na wachongaji wakajitolea. Miongoni mwao ni Emily Young, mchongaji mashuhuri wa Uingereza, aliyetoa nyuso kubwa za walinzi wanaolia, na Massimo Lippi wa Toscana. Sanamu za kwanza zilizama mwaka 2015. Gharama kubwa ilikuwa kuzisafirisha na kuzishusha kwa winchi ya meli, maana jiwe moja lina uzito wa tani kadhaa.

Ukarimu wa wasanii hawa unastahili kuangaliwa kwa makini. Mchongaji wa marumaru huishi kwa kulinda uso wa kazi yake usikwaruzwe; huko Talamone alikubali kuuacha ufunikwe na mwani, sponji na chaza. Mvuvi naye alileta ujuzi usio na shule: wapi meli hupita, wapi sakafu ni tope na wapi nyasi zimesalia. Bila ujuzi huo sanamu zingekuwa pambo lililotupwa majini. Bila wachongaji, mawe yangezuia nyavu vilevile, lakini wafadhili, waandishi na wazamiaji wasingekuja, na wizi wa usiku ungeendelea bila mtu wa mbali kuujali. Zaidi ya hayo, jiwe gumu huwa makao. Pweza huingia mianyani, kambakochi na chewa hujificha kivulini mwake.

Hata hivyo marumaru hulinda pale ilipo tu. Nahodha anayejua sanamu zilipo anaweza kuzikwepa akakokote mbele kidogo, na doria ya walinzi wa pwani bado inahitajika kila usiku. Ndiyo sababu Casa dei Pesci inataka kuongeza sanamu hatua kwa hatua, ziufuate ukanda wote ambao meli hupita. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa zimeshushwa 39. Mawe mengine kati ya yale 100 yalikuwa bado nchi kavu, yakisubiri wachongaji na fedha za winchi.