Bunduki kuukuu za Mumias: Adimu kwa mkusanyaji, mtego kwa mrithi

WAKUSANYAJI wa silaha za kale huko Uingereza na Marekani wana desturi moja isiyobadilika. Kabla ya kuuliza bei ya bunduki, huuliza imepitia wapi. Bunduki ya Martini-Henry iliyolala ghalani tangu itengenezwe ina thamani yake, lakini ile inayoweza kuthibitishwa kwamba ilipigana vita fulani, mahali fulani, ndiyo wanayoitafuta usiku na mchana.

Kwa kipimo hicho, miongoni mwa zile adimu kabisa ni bunduki zilizopitia Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, na milima ya jirani ya Bungoma kabla ya mwaka 1895. Zilikuwa chache tangu mwanzo, zikapiganiwa, na mwisho zikatwaliwa.

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile ya risasi moja. Mpigaji akishafyatua, hana budi kuufungua mtambo, kutoa ganda na kutia risasi nyingine kwa mkono. Kabla yake kulikuwa na gobori, ambalo baruti na risasi zilitiliwa mdomoni na kushindiliwa kwa mdeki, na gumegume, ambalo baruti yake iliwashwa kwa cheche za jiwe. Hizo ndizo silaha ambazo misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilitembea nazo kwa miaka mingi.

Mwaka 1866 jeshi la Uingereza lilianza kutumia Snider, iliyobuniwa na Mmarekani Jacob Snider. Ilikuwa gobori la zamani lililokatwa nyuma na kutiwa kifuniko chenye bawaba, ili risasi iingizwe kwa nyuma. Mwaka 1871 ikaja Martini-Henry, yenye wenzo chini ya mtambo. Askari aliushusha wenzo, akatia risasi, akaurudisha, akafyatua. Hodari wa kazi hiyo aliweza kupiga mara 12 hivi kwa dakika. Kasiba yake ilikuwa na upana wa milimita 11.4, na risasi moja ilikuwa na uzito wa gramu 31. Wapanda farasi walipewa ya namna iyo hiyo lakini fupi, iitwayo karabini. Misri, kwa upande wake, ilinunua Remington kutoka Marekani.

Enzi hiyo haikudumu. Kuanzia mwaka 1888 Waingereza walianza kuwapa askari wao bunduki yenye kasha la risasi kadhaa, na silaha za jana zikaanza kushuka ngazi: kwa majeshi ya makoloni, kwa walinzi wa misafara, kisha sokoni. Hivyo ndivyo bunduki iliyotengenezwa Uingereza ilivyoweza kufika kando ya Mto Nzoia.

Mumias, mji ulioitwa Kwa Sundu na wasafiri kutokana na jina la Nabongo Shiundu, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883, na Askofu James Hannington mwaka 1885, akielekea Busoga alikouawa. Nabongo Mumia, aliyerithi kiti cha Wanga mwaka 1882, aliwapokea wageni hao kwa ukarimu. Urafiki na watu wenye bunduki ulikuwa siasa wakati huo, na Mumia aliielewa siasa hiyo kuliko watawala wengi wa zama zake.

Wakuu wa Ulaya nao walijua maana ya silaha hizo. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 walikubaliana kuzuia uuzaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Gumegume na baruti ya kawaida havikupigwa marufuku kama bunduki hizo. Mkataba ulielezwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kiasi fulani ulikuwa hivyo. Lakini ulihakikisha pia kwamba anayekuja kutawala anashika silaha bora kuliko anayetawaliwa.

Wabukusu hawakungoja ruhusa ya Brussels. Walijipatia bunduki kutoka kwa wafanyabiashara wa misafara na kwa askari waliotoroka kazini. Mwaka 1894 Frederick Spire, afisa wa Uingereza aliyewekwa Mumias, alituma kikosi cha askari wa Kisudani kuzidai bunduki hizo. Kikosi hicho kiliangamizwa, na silaha zake zikawa mali ya Wabukusu.

Kisa hicho ndicho kilichowasha vita vya mwaka 1895. Charles Hobley, aliyekuja kushika uongozi wa kituo cha Mumias, pamoja na William Grant, waliongoza askari wa Kisudani wakisaidiwa na wapiganaji wengine, wakiwamo wa Wanga. Wabukusu walijihami ndani ya ngome zao za Lumboka na Chetambe, karibu na mji wa leo wa Webuye. Ngome zote mbili zilianguka na watu wengi waliuawa. Masimulizi ya Chetambe yangali hai katika boma nyingi za Bungoma, na si masimulizi ya kufurahisha.

Kwa hiyo bunduki ambayo mkusanyaji wa mbali angeiita hazina, huku ni ushahidi wa msiba. Tena ni ushahidi uliopungua, maana kilichosakwa tangu mwanzo ni bunduki zenyewe.

Mahali pengine silaha kama hizo zimepata bahati tofauti. Mwaka 2003 kampuni mbili za Marekani zilinunua shehena ya bunduki kuukuu za jeshi la Nepal, zilizokuwa zimerundikwa katika jumba kongwe la kifalme mjini Kathmandu. Zilikuwa makumi ya maelfu, Snider na Martini-Henry zikiwamo. Wakusanyaji walizigombea, kwa kuwa kila moja ilijulikana ilikotoka.

Panapo mnunuzi mwenye shauku, laghai hakosi. Kwa zaidi ya karne moja mafundi wa mpakani mwa Pakistan na Afghanistan wamekuwa wakiiga bunduki za Kiingereza kwa mkono, alama na vyote. Martini-Henry halisi huwa na taji ubavuni mwa mtambo, upande wa kulia, na chini yake herufi V.R za Malkia Victoria, jina la kiwanda, mwaka na toleo. Katika za kuiga, mara nyingi herufi N imegeuzwa, jina Enfield limekosewa, au mwaka hauafikiani na toleo.

Kosa jingine hufanywa na mwenye mali mwenyewe. Akiipata bunduki imefunikwa na kutu, huisugua kwa msasa hadi ing'ae, na alama zikatoweka pamoja na thamani yake. Kinachohitajika ni mafuta mepesi na kitambaa laini.

Kwa Mkenya, hata hivyo, kutu ni tatizo dogo. Uingereza humruhusu mtu kuweka silaha fulani za kale kama pambo bila cheti, na Marekani kwa jumla haizihesabu bunduki zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake pamoja na silaha za kawaida. Nchini Kenya, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inadai cheti kwa mwenye silaha, na kusema kwamba iliachwa na babu si cheti.

Papo hapo ipo Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Sheria hiyo inahesabu kuwa kitu cha kale kila kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na kukipeleka nje kunahitaji kibali. Kwa maneno mengine, bunduki iliyofika Kwa Sundu siku za Shiundu ni silaha mbele ya polisi na ni turathi mbele ya makumbusho.

Mwananchi anayekuta chuma cha aina hiyo darini hujikuta katikati. Akiogopa, hukitupa mtoni au hukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Silaha zinazonaswa au kusalimishwa nazo hukusanywa na kuteketezwa. Mwezi Novemba mwaka 2016 bunduki 5,250 zilichomwa Ngong. Lengo ni jema, ila moto hausomi alama za Malkia Victoria.

Njia salama ni kutoigusa sana, kutojaribu kuifyatua kwa namna yoyote, na kuichukulia kama yenye risasi ndani hadi mjuzi aikague. Ni vyema polisi waarifiwe kabla haijaondolewa mahali ilipo, na siku hiyo hiyo Makumbusho ya Taifa yajulishwe. Kwa wakazi wa magharibi, tawi lililo karibu ni la Kitale, ambalo lenyewe lilianzia kwenye mkusanyo wa mtu mmoja, Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu.

Anayeitoa aandike kwanza jina la aliyekuwa nayo, kijiji ilikopatikana na yale ambayo wazee wa boma husimulia juu yake. Karatasi hiyo iambatane na bunduki popote itakapopelekwa.