Sauti ya Wananchi Itangulie Leseni ya Bwawa

Mto haumwulizi mwenye shamba unapopita, lakini binadamu anayetaka kuugeuza mkondo wake hana budi kuuliza. Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuiweka mbele ya wasomaji leo, hasa sisi tunaoishi Manyatta na mitaa mingine ya Kisumu, ambao kwetu umeme ni nyaya, mita na tokeni tu, kana kwamba hauna kwao.

Umeme una kwao. Sehemu yake huzaliwa katika kaunti yetu hii hii, huko Nyakach, kutokana na maji ya Mto Sondu ambao pia huitwa Miriu. Isitoshe, wengi wa wakazi wa Manyatta wana wazazi, mashamba na makaburi ya jamaa zao huko. Mama anayeuza samaki Kondele leo huenda kesho akaitwa nyumbani kwa sababu kipande cha ardhi ya familia kinatakiwa kupitishiwa mfereji. Je, atakapofika, atakuwa bado na nafasi ya kusema neno, au atakuta mambo yamekwisha kuamuliwa?

Kisa cha Sondu-Miriu kinatupa jibu. Ujenzi ulianza mwaka 1999, ukisimamiwa na kampuni ya KenGen kwa mkopo kutoka Japani. Mpango wenyewe haukuwa wa bwawa kubwa la kufurika vijiji. Maji yalikusudiwa kutolewa mtoni, kupitishwa chini ya ardhi katika njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, kisha kuporomoshwa hadi kwenye mitambo ya megawati 60. Kwa mhandisi, huo ulikuwa mradi wa kusifiwa.

Kwa mwenyeji, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kulikuwa na malalamiko ya vumbi, ya fidia ya ardhi na ya ajira. Zaidi ya yote, kulikuwa na swali la maji: baada ya mto kugeuzwa, ni kiasi gani kitakachobaki katika mkondo wa asili kwa ajili ya watu, ng'ombe na samaki? Wavuvi wa ziwa wanamjua ningu, samaki apandaye mito wakati wa mvua ili akatage mayai. Mto ukikauka, ningu hana njia.

Malalamiko hayo yalivuka bahari, yakazungumzwa hata katika bunge la Japani. Awamu ya pili ya mkopo ilicheleweshwa, ikatiwa saini mwaka 2004. Mwaka 2001 iliundwa kamati iliyowakutanisha wakazi, mashirika ya kiraia na wasimamizi wa mradi. Mitambo ilikamilika mwaka 2008, na mwaka 2012 kituo cha Sang'oro kikaanza kuyatumia maji hayo hayo kuzalisha megawati 21 zaidi.

Waama, kamati ile ilikuwa jambo jema. Lakini tutazame tarehe. Iliundwa baada ya mkandarasi kuingia, baada ya miamba kuanza kupasuliwa. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, iliyotungwa mwaka 1999, ilianza kutumika Januari 2000, wakati tingatinga zilikuwa zimekwisha kuwasha moto. Kwa hivyo wananchi wa Sondu walizungumzia namna ya kupunguza madhara ya uamuzi uliokwisha kufanywa. Hawakuulizwa kama uamuzi wenyewe ufanywe, au ufanywe vipi.

Leo hatuna kisingizio hicho. Katiba ya mwaka 2010 imeutaja ushiriki wa umma kuwa miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, na Kifungu cha 69 kinaiagiza Serikali kuuhimiza katika utunzaji wa mazingira. Anayetaka kuzalisha umeme wa maji hupita katika milango kadhaa. Huhitaji leseni ya mazingira kutoka kwa NEMA, kibali cha kutumia maji kutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na leseni ya kuzalisha umeme kutoka kwa EPRA. Ardhi ikitwaliwa kwa nguvu ya sheria, Tume ya Kitaifa ya Ardhi nayo huwa na wajibu wa kuwasikiliza wenyewe.

Kila mlango una mahali pa mwananchi kusimama. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi kubandika mabango mahali pa wazi, kutangaza gazetini na redioni, na kufanya mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Ripoti ikishawasilishwa, umma hualikwa kuisoma na kutoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi, katika muda unaotajwa na tangazo. Kwa upande wa maji, sheria ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya watumiaji maji, ambamo mkulima wa kawaida aweza kuwa mwanachama.

Basi tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba tangazo hutolewa kwa Kiingereza kizito, katika ukurasa ambao watu wa Nyakach hawausomi. Ripoti huwa na mamia ya kurasa. Baraza huitishwa, watu hupewa soda na kutia saini daftari la mahudhurio, na saini hizo baadaye huitwa ridhaa. Kuhudhuria si kukubali! Nasi wananchi tuna lawama yetu: twangoja mpaka mashine zifike langoni ndipo tupige kamsa.

Ushauri wangu ni huu. Kwanza, tuombe habari mapema. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa anatakiwa kutoa uamuzi wake katika siku 21. Pili, maoni yetu yaandikwe, yawe na tarehe, na nakala igongwe muhuri. Maneno ya barazani hupeperushwa na upepo. Tatu, tuache lawama za jumla na tuulize mambo yanayopimika. Kiangazi cha Januari, maji kiasi gani yatabaki mtoni, na nani atayapima? Fidia italipwa kabla ya kuhama au baadaye? Makaburi yatafanywa nini? Je, nyaya zitapita juu ya mapaa yetu zikatuacha na koroboi?

Wako watakaosema kwamba maoni ya watu wadogo hayajawahi kuzuia mradi mkubwa. Nawakumbusha Lamu. Mwaka 2016 NEMA ilitoa leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wakazi walikata rufaa, na Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo. Sababu moja kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo: ripoti ilipokamilika, watu hawakurudiwa na kuelezwa yaliyomo. Rufaa ya aina hiyo ina siku 60 tu, nazo huyoyoma upesi. Aidha, Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Mbali na kwetu, nchini Marekani, leseni ya umeme wa maji inayotolewa na tume ya serikali kuu haizidi miaka 50. Muda ukiisha, umma huulizwa upya. Huko Maine, watetezi wa samaki wa Mto Kennebec walipinga kufanywa upya kwa leseni ya bwawa la Edwards, lililojengwa mwaka 1837. Mwaka 1997 tume ikakataa kuifanya upya, na mwaka 1999, mwaka ule ule kazi ilipoanza Sondu, bwawa hilo likabomolewa.

Sisemi mabwawa yabomolewe. Nchi yahitaji kawi, na umeme wa maji hautoi moshi wa dizeli. Nakubali pia kwamba ucheleweshaji una gharama. Lakini mradi uliosimamishwa nusu njia kwa kesi na maandamano hugharimu zaidi kuliko miezi michache ya kusikilizana mwanzoni. Mwenda pole hajikwai.

Maswali mapya yako njiani. Bwawa la Koru-Soin, mpakani mwa Kisumu na Kericho, limekusudiwa kuzuia mafuriko ya Nyando, kutoa maji na kuzalisha umeme kiasi. Nao mpango wa bwawa la Magwagwa, juu zaidi katika Mto Sondu, umekuwa ukizungumzwa kwa miaka mingi. Nazitaka mamlaka zinazohusika zitoe muhtasari wa kila ripoti kwa Kiswahili na Kijaluo, na kwa Kikipsigis na Kigusii kule juu ya mto. Nakala ziwekwe katika ofisi za machifu na redio zetu za hapa zitumiwe. Wakazi wa mjini wenye ardhi mashambani nao waalikwe, kwa mikutano hapa Manyatta.

Nasi wananchi, tangazo likitoka, tulisome na kumsomea jirani asiyejua kusoma, kisha tuandike maoni yetu kabla ya siku ya mwisho. Leseni ikishatiwa saini, kilichobaki ni kuomba. Kabla ya hapo, tuna haki ya kuulizwa.