Pikipiki ya Shamba Ikigoma, Litazameni na Pipa

Katika shamba moja la chai, dereva wa pikipiki ya magurudumu manne alikatwa ujira wa siku tatu kwa kuwa mtambo wake ulikataa kuwaka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Vikapu vya mzunguko wa kwanza vilikuwa vimekwisha kupimwa, na majani ya chai hayangoji mtu: yakilundikana hupata joto, hugeuka rangi, na kiwanda huyakataa. Msimamizi aliamua papo hapo kwamba dereva ameharibu mashine kwa uzembe. Dereva hakuwa na la kujibu, maana hata yeye hakujua ina nini.

Jioni fundi wa karakana alilegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, akakinga petroli katika chupa ya kioo isiyo na rangi, na wote waliokuwapo wakaona maji yamekaa chini na petroli juu. Maji hayo hayakutiwa na dereva. Yalitoka katika pipa la stoo.

Mitambo ya namna hii si migeni tena. Honda ilianza kuuza yenye magurudumu matatu mwaka 1970, na Suzuki ikaleta yenye manne mwaka 1982. Ile ya matatu ilipindua watu wengi, hata mauzo yake yakasimamishwa huko Marekani mwaka 1988. Katika zile ndogo za magurudumu manne, nyingi hutumia kabureta, na kwa hiyo magonjwa yake ni yale yale ya pikipiki ya kawaida au ya injini ya pampu ya maji. Mwenye kuijua moja amezijua zote tatu.

Kabla ya kushika spana, tazama yasiyotaka spana. Swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani imeguswa? Gia iko huru? Koki ya petroli iko wazi? Tangi lina kitu? Wenzetu watacheka, lakini mafundi wameitwa mara nyingi kutoka mbali kwa sababu ya swichi tu.

Mashine ikiwaka vizuri, ikaenda dakika chache na kuzimika, kisha ikawaka tena baada ya kupumzika, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, ujue tundu dogo la hewa katika kifuniko limeziba kwa vumbi au tope. Petroli haishuki kama hewa haiingii nyuma yake.

Kisha itoe plagi, ambayo ndugu zetu wa Kongo na Burundi huiita buji. Ikiwa kavu baada ya kupiga stata mara nyingi, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, bali cheche ni dhaifu au petroli imezidi. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, tazama chujio la hewa, na ukumbuke kama choki iliachwa imevutwa. Nafasi ya ncha za plagi katika injini nyingi ndogo za Honda ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ukitaka kuona cheche, igusishe plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali kabisa na petroli iliyomwagika.

Plagi kavu yakurudisha kwenye njia ya petroli. Chomoa mpira penye kabureta, uuelekeze katika chupa, ufungue koki. Petroli yapasa kutiririka bila kukatika. Lakini koki za mashine nyingine hufunguka kwa mvuto wa injini inapozungushwa, basi usiilaumu koki ya namna hiyo kwa kutotoa kitu injini ikiwa imesimama. Kama petroli yatiririka vizuri, fungua ile skrubu ya chini ya kabureta na ukinge.

Iko alama moja ambayo haidanganyi sana: mashine yawaka kwa choki tu, na ukirudisha choki inakufa. Mara nyingi jeti ndogo ya mwendo wa pole imeziba. Tundu lake halifiki hata nusu milimita, na petroli iliyolala humo kwa miezi huacha ulimbo. Usilichokoe kwa waya mgumu, maana ukilipanua umeharibu kipimo chake. Liloweke, ulipulize kwa pampu ya baiskeli, na likikataa tumia uzi laini wa nailoni.

Petroli ikivuja kwenye kabureta, sindano ya boya haifungi. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Pengine ni uchafu mdogo tu. Ila kabla ya kuwasha pima oili. Ikiwa imepanda na inanuka petroli, usiiwashe mpaka imwagwe na kutiwa nyingine.

Sasa tuje kwenye pipa, kwa kuwa hapo ndipo dereva wetu alipopatia hasara. Pipa la lita 200 likisimamishwa nje, maji ya mvua hutuama juu yake kuzunguka kizibo. Mchana vilivyomo hutanuka kwa jua. Usiku hunywea, na pipa huvuta ndani kile kilicho karibu na kizibo, yaani maji. Hata kizibo kilichokazwa hupitisha. Dawa yake haina gharama: pipa lililojaa lilazwe chini ya paa, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, ili petroli ivifunike kwa ndani. Na mdomo wa pampu usiguse chini kabisa ya pipa, kwa maana huko ndiko maji na kutu hukaa.

Huko Malawi petroli ilianza kuchanganywa na spiriti ya miwa mwaka 1982, kiwanda cha Dwangwa kilipoanza kuitengeneza. Mchanganyiko wa namna hii ukiingia maji ya kutosha, spiriti huiacha petroli na kushuka pamoja na maji. Ukichota chini, umechota visivyowaka.

Penginepo kosa ni mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye petroli na mwenye tamaa. Weka tone moja kwenye karatasi nyeupe kivulini. Petroli safi hukauka upesi. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Na jambo moja twalisema kwa ukali: usivute petroli kwa mdomo. Risasi iliondolewa katika petroli ya nchi zetu kufikia mwaka 2006, lakini benzini bado imo, na tone likiingia mapafuni laweza kumlaza mtu hospitali. Shamba linunue pampu ya mkono.

Turudi kwenye ujira. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1949, wasema katika kifungu cha 8 kwamba mshahara waweza kukatwa tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na kwamba mfanyakazi aelezwe masharti hayo. Hasira ya msimamizi haimo. Basi dereva aandike katika daftari lake tarehe, saa, petroli imetoka pipa gani na lita ngapi, na mwakilishi wa tawi aitwe aione chupa kabla haijamwagwa.

Yule dereva amekwisha kurudishiwa ujira wa siku mbili. Wa siku ya tatu tawi lake bado linaudai, na pipa limelazwa chini ya paa.